Kikohozi cha Mkwe

"Hawanikati mpaka baba aje, na mke wangu aje."

Maneno hayo yaliletwa na Tadeo, Ijumaa jioni. Alisimama mlangoni kwa mzee Andendekisye kule Uyole, matope yamempanda mpaka magotini. Tadeo alikuwa akipasua mbao pamoja na Saulo, mtoto wa mzee huyo, msituni upande wa Mafinga. Gogo liliviringika likamponda Saulo mguu wa kulia. Sasa amelazwa Iringa, mguu umeanza kunuka, daktari anataka kuukata, na Saulo amekataa katakata.

"Anasema mguu alipewa na baba yake, hautoki bila baba yake kusema," Tadeo alieleza. "Na mke wake aje amwambie kwa mdomo wake kama atakubali kuishi na kilema. La sivyo, bora afe na miguu yake miwili."

"Na daktari anasemaje?" aliuliza mzee.

"Anasema akikata kabla Jumapili haijaisha, atakata chini ya goti. Goti likibaki, mtu anavaa mguu wa mti, analima, anatembea. Jumapili ikipita, sumu inapanda."

"Ikipanda?"

Tadeo alikuna kichwa. "Mzee, ikipanda sana hakuna cha kukata tena."

Atuganile, mke wa Saulo, aliyasikia yote hayo akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sababu hapo ndipo mahali pake baba mkwe anapokuwa uani. Tuliseme mapema jambo hili, mtu asije akatukatiza njiani. Kwa Wanyakyusa walioshika ya wazee, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawaangaliani, hawasemeshani, jina la mzee halitamkwi, hata "tata", yaani baba, mkwe hamwiti. Wakikaribia kukutana, mmoja anakohoa, na mwingine anageuza uso au anajichimbia migombani mpaka mwenzake apite. Mchungaji alishahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kukohoa. Miaka sita Atuganile amepika katika boma lile, na uso wa mzee Andendekisye hajawahi kuuangalia.

Sasa Saulo anawataka wote wawili, tena kitandani kwake, tena kabla ya Jumapili kwisha. Kwenda na nini? Miaka hiyo ya sabini mafuta yalikuwa yameadimika kama dawa. Basi la Iringa lilikuwa limeegeshwa stendi Mbeya, kuku wanalala chini yake. Isitoshe, mvua ilikuwa imekata barabara mbele ya Chimala, na malori yamepanga foleni pande zote mbili, kila dereva anangoja kuvuka, hakuna anayegeuza.

Kilichobaki ni tukutuku.

Ilikuwa baiskeli nzito, ya zamani, yenye kiinjini kidogo kimefungwa juu ya gurudumu la mbele. Padri mmoja wa Kijerumani alimwachia mzee alipokuwa akirudi kwao, maana mzee ndiye aliyeitengeneza miaka yote. Mahali tambarare ilikwenda vizuri, kelele tupu. Mlimani ilibidi uisaidie kwa kupiga pedeli, na mlima ukizidi unashuka unaisukuma, huku yenyewe inakohoa moshi usoni mwako.

"Nitampakia vipi mke wa mwanangu?" mzee alifoka. "Ajibandike mgongoni kwangu kama mtoto mchanga?"

"Mwanao anaoza, na wewe unauliza utampakia vipi!" Tusekile, mkewe, alikuwa ameshaanza kujaza ndizi kwenye gunia. Alilifunga gunia hilo kwenye keria, limesimama, nyuma tu ya kiti cha mzee. Nyuma ya gunia akabakiza nafasi ya mtu kukaa upande upande. Chini, ubavuni mwa keria, akaning'iniza dumu la petroli ya akiba ambalo mzee alilificha chini ya kitanda tangu Krismasi. Kifuniko chake kilipotea zamani. Lilizibwa kwa gunzi la hindi.

Halafu alimletea Atuganile blanketi lake mwenyewe, la kijivu, jipya, akamfunika nalo kuanzia kichwani.

"Wewe mzee, usigeuke nyuma. Na wewe mama, usifungue mdomo. Mtoto nabaki naye mimi. Mungu mwenyewe ataona kwamba gunia lilikuwepo."

* * *

Waliondoka Jumamosi alfajiri, majirani wamejipanga barabarani kana kwamba kuna mwenge unapita. "Yesu na Maria! Andendekisye kampakia mkwewe!" alisema mama mmoja, wala hakujisumbua kupunguza sauti. Atuganile aliyavuta masikio yake ndani ya blanketi. Mzee alikaza macho mbele, shingo imemkauka.

Mpaka Chimala walikwenda bila neno. Mvua ilikuja, ikapita, ikarudi. Magari yalipoanza kuonekana yamesimama, wakayapita yote, mpaka wakafika pale ambapo lami ilikuwa imemegeka kama kipande cha mkate na maji mekundu yanapita katikati.

Kijana mmoja Msukuma, Malimi, aliyekuwa na ng'ombe wake upande ule wa Usangu, alikuwa amepata kazi ya siku hizo mbili: kuvusha watu na mizigo. Aliibeba tukutuku begani, na dumu lake, akavuka maji ya kiuno. Akarudi.

"Sasa mama. Nikubebe?"

Atuganile alinyamaza. Mzee alikuwa bado yuko upande huuhuu.

"Mzee, huyu mama bubu?"

"Mwambie ashike fimbo yako afuate nyuma," mzee alisema, akiangalia mawingu.

"Si yuko hapo! Mwambie mwenyewe!"

"Kijana, fanya ninavyokwambia."

Malimi aligeuka. "Mama, mzee huyu aliye hapa anasema ushike fimbo."

"Mwambie nimesikia," Atuganile alinong'ona.

"Mzee, mama huyu aliye hapa anasema amesikia." Malimi alicheka mpaka karibu aanguke majini. Walimlipa chane ya ndizi, akawaaga huku bado anatikisa kichwa. "Nimeona mengi, lakini hili! Nyinyi mkifika salama, mnitumie salamu."

Laiti wangemchukua. Lakini tukutuku haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

* * *

Baada ya Igawa, Atuganile alihisi ubaridi kwenye mguu. Alidhani ni mvua. Akasikia harufu. Akachungulia chini: gunzi halipo, dumu linapiga ubavu wa keria, na kila likipiga linatema petroli barabarani.

Afanyeje? Kuita hawezi. Angeita nani, kwa jina gani? Mdomo wake haukuwahi kulitamka jina lile hata akiwa peke yake shambani. Mkono alikuwa nao mmoja tu, wa pili umeng'ang'ania keria asitupwe chini. Basi akafanya kile mkwe anachokifanya. Akakohoa.

Mzee alisikia. Mkwe akikohoa maana yake nini? Maana yake: nipo hapa, angalia pembeni. Mzee akageuza uso kuelekea milimani, kwa adabu zote, akaongeza moto.

Akakohoa tena, kwa nguvu, akalipiga gunia ngumi. Sasa mzee akaelewa, kwa kadiri alivyoelewa: mtoto wa watu amebanwa, anataka kujisaidia. Akasimamisha tukutuku, akashuka, akaenda zake kichakani mbali kabisa, akampa mgongo, akasimama mvuani kama mwanajeshi wa gwaride.

Atuganile aliliinua dumu. Lilikuwa jepesi. Alichana upindo wa gauni lake akaziba, lakini yakimwagika hayazoleki. Alitazama huku na huku apate japo mtoto anayechunga, japo mwanamke mwenye kuni, amtume maneno: mwambieni mzee yule petroli imekwisha, arudi Igawa akatafute, Igawa bado iko karibu. Barabara ilikuwa tupu. Nani atoke katika mvua ile? Akajiambia, kijiji kijacho nitapata mtu. Akapanda. Akakohoa kwamba yuko tayari. Mzee akarudi, macho chini, wakaendelea.

Kijiji kilichofuata kilikuwa kimejifungia milango. Na kilichofuata hicho.

Injini ilizimika kwenye mwinuko wa kwenda Makambako, jua linazama, upepo wa pale unakata kama wembe. Mzee alishuka akapapasa dumu. Akalitikisa. Akalitikisa tena, kana kwamba petroli imejificha tu.

"Limetoboka?" Aliuliza hewani. Aliinama, akaliona lile tambaa, pindo la gauni la maua ya njano, limesokomezwa vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu.

Hapo hasira ilimpanda mzee yule. Hakuwa na wa kumfokea. Barabara nzima, bonde zima, hakuna mtu wa kutumwa maneno. Akaigeukia baiskeli, akaipiga kofi tandiko.

"Wewe tukutuku! Muulize huyo aliye nyuma yako! Aliona petroli inamwagika?"

Akaipiga kofi lingine. Upepo tu.

"Muulize! Au na yeye ananingoja mpaka nife?"

Na blanketi, ambalo siku nzima halikupaza sauti, likalipuka. "Tukutuku, na wewe mwambie huyo aliye mbele! Mwambie nilikohoa mpaka koo likauma! Mwambie nililipiga gunia! Yeye akaenda kusimama kichakani!"

Ilikuwa mara ya kwanza mzee kuisikia sauti ya mkwewe ikimlenga yeye, na ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

"Mwambie," alisema baadaye, taratibu, "ashike nyuma asukume. Giza linaingia."

* * *

Jumapili nzima ilipotea Makambako. Ilipotea hivihivi, kwenye baraza ya kituo cha mafuta, Atuganile kakaa akiangalia ukutani na mzee akiangalia barabarani, migongo imeelekeana. Wapita njia waliuliza kama wamegombana.

"Leo Jumapili, pampu hazifunguliwi," alisema Liberatus, mwuza mafuta, amejikunyata ndani ya koti la mvua lililochanika kwapani. "Na kesho ni kwa kibali. Mna kibali?"

"Mwanangu yuko hospitali."

"Pole sana, mzee. Wa kila mtu yuko hospitali. Jana mmoja aliniambia mama yake amekufa, kumbe anataka mafuta aende harusini."

"Nikuapie?"

"Usiniapie mimi. Kalete kibali."

Na kibali kinatolewa wapi? Njombe. Siku gani? Siku za kazi. Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikwenda kumwomba dereva wa lori, akaambiwa dizeli na petroli si ndugu. Alimwomba mwenye duka, akaambiwa anunue mafuta ya taa. Kila aliporudi barazani alisema na baiskeli, maana ndiyo ilikuwa njia yao sasa.

"Tukutuku, mwambie hakuna."

"Tukutuku, mwambie aulize misheni."

"Mwambie nimeuliza. Hakuna."

Jua lilizunguka, ingawa halikuonekana kwa ukungu, likazama. Jumapili ikaisha. Atuganile alilia kimyakimya ndani ya blanketi, na mzee alijua, kwa sababu gunia waliloegemea wote wawili lilikuwa linatikisika.

Asubuhi ya Jumatatu Liberatus alifungua pampu huku meno yanagongana. Atuganile alisimama, akamwendea, na bila kumwambia mtu yeyote akalivua blanketi.

"Shika," alisema. "Jipya hili. Limezoea baridi ya Uyole, ya Makambako haiwezi kulitoboa. Nijazie dumu."

Liberatus alilipapasa. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Lete dumu nyuma ya nyumba," alisema. "Na mtu asijue."

Aliporudi na dumu limejaa, kichwa wazi, mzee alikuwa amegeuza uso. Lakini alikuwa amemwona. Alimwona yu mwembamba, ana kovu dogo kwenye nyusi, amefanana sana na mjukuu wake. Alilikaza lile tambaa la njano mdomoni mwa dumu kwa mikono yake miwili, akalifunga juu yake kwa kamba ya kiatu chake.

* * *

Walipita Mafinga kwenye ukungu mzito, taa imewashwa mchana. Kila lori lililowapita liliwaogesha. Mbele ya Ifunda mvua ya mawe ikawakuta mahali hapana nyumba wala mti wa maana, ikawapiga vichwani kama watu wenye deni. Mzee alikuwa na kofia ya kitambaa, ikarushwa na upepo. Jiwe moja likampasua sikio, damu ikamwingia kwenye kola.

"Tukutuku, mwambie asimame!" Atuganile alipiga kelele.

"Mwambie sisimami! Nikisimama siwashi tena!"

Ndipo Atuganile alipolimwaga gunia. Ndizi za Tusekile zilitawanyika kwenye lami, zimeshaiva mpaka zimekuwa nyeusi. Alilikunja gunia tupu mara mbili, akainuka kidogo kwenye keria, akamfunika mzee kichwani, akalishikilia pale kwa mikono yote miwili, mbavu zake zimegusa mgongo wa baba mkwe. Kilomita ngapi walikwenda hivyo? Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyekohoa.

Maji yaliingia kwenye injini karibu na Ipogoro. Tukutuku ikatoa sauti ya mtu anayekata roho, ikanyamaza. Mji wa Iringa ulikuwa pale juu, unaonekana, mabati yanang'aa. Mlima tu umebaki, na mlima ule hata mtu mzima mwenye afya anaupumzikia. Mzee alisukuma hatua chache, akakaa kwenye jiwe.

"Tukutuku," alisema, akitweta, "mwambie aende yeye. Mimi nitafuata."

Atuganile alimtazama. Alimtazama yeye, usoni, si baiskeli.

"Saulo hakusema mke peke yake. Alisema baba na mke. Panda."

"Nipande wapi?"

"Hapo kwenye kiti. Shika usukani, nyoosha. Mimi nasukuma."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu! Watu ndio wana mgonjwa?"

Akapanda. Na hivyo ndivyo Iringa ilivyowaona, Jumatatu mchana, mvua bado inanyesha: mzee amekaa juu ya baiskeli na gunia kichwani, mwanamke wa Kinyakyusa ameinama nyuma, kichwa wazi, gauni limechanika pindo, anasukuma. "Kamwene, mama!" walimsalimu wauza nyanya, wengine wakicheka, na mmoja aliacha tenga lake akamsaidia mpaka kwenye kona. Mzee alifumba macho njia nzima kwa aibu. Usukani aliunyoosha hivyohivyo.

* * *

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha," alisema Roza, muuguzi wa mlangoni. "Na mnalowesha sakafu. Tena wanaingia mmoja mmoja."

"Tunaingia wote," walijibu kwa pamoja, wakashtuka wenyewe.

Saulo alikuwa amekonda, macho makubwa, shuka limejengewa kama hema juu ya mguu. Aliwaona wamesimama bega kwa bega, akadhani ni homa.

"Mmekuja na nini?"

"Tukutuku," alisema mzee.

"Nyote wawili?"

"Sote wawili."

Saulo aliangalia huyu, akaangalia yule. Mzee alimshika mkono. "Mguu ulisema nilikupa mimi. Basi nauchukua. Wewe baki."

"Na wewe?" Saulo alimuuliza mkewe. "Utamweza mwanamume kilema?"

"Nimemsukuma baba yako mlima mzima, Iringa nzima inatazama," alisema Atuganile, machozi yanamtoka. "Wewe utanishinda uzito? Kubali wakukate, mjinga wewe."

Saulo alikubali. Daktari aliitwa, akafunua shuka, akanusa, akafunika. Aliwavuta wale wawili pembeni. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Kuishi ataishi. Lakini jana ningekata hapa," alisema, akiugusa muundi wake mwenyewe. Halafu akaupandisha mkono, ukalipita goti, ukasimama katikati ya paja. "Leo nakata hapa."

* * *

Nje ya chumba cha upasuaji kulikuwa na benchi moja, fupi. Atuganile alisimama akiegemea ukuta. Mzee alisogea mpaka mwisho wa benchi.

"Kaa."

Alikaa. Maji yaliwatiririka, yakakutana sakafuni.

"Ilianza kumwagika baada ya Igawa," mzee alisema.

"Baada ya Igawa."

"Ulipokohoa."

"Nilikohoa, ukaangalia pembeni. Nikakohoa tena, ukaenda kichakani."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu."

Mzee alijipiga goti lake kwa ngumi. Akalipiga tena. "Ungeniita tu, mwanangu."

"Ningekuita nani?"

Mzee alitikisa kichwa, na uchovu wa siku tatu ukamwangukia. Alilala akiwa ameketi, kichwa kimeegemea ukutani, gunia bado liko mabegani.

Saa zilikwenda. Mlango ukafunguka, Roza akatoka amebeba beseni limefunikwa kwa kitambaa cheupe, akapita bila kuwaangalia. Nyuma yake daktari alisimama mlangoni, akiwapungia mkono waje.

Atuganile akakohoa. Yalikuwa mazoea tu ya miaka sita.

Na mzee, usingizini, macho yamefumba, akaugeuza uso wake akauelekeza ukutani.

Atuganile alimshika bega, akamtikisa kwa nguvu.

"Tata!" alimwita. "Tata, amka. Wamemaliza."